Grafini: ulizeni ni fuwele ngapi, si foili ina upana gani

Ndugu Mhariri,

Gazeti likiandika kuhusu "karatasi kubwa ya grafini" (kaboni yenye unene wa atomi moja), msomaji hudhani ni kipande kimoja. Mara nyingi ni maelfu ya viraka vilivyoungana, kila kimoja fuwele yake (atomi zilizojipanga kwa mpangilio mmoja), na penye kila kiungo umeme hupita kwa shida. Tunaomba waandishi wenu waulize idadi ya fuwele kabla ya kuuliza upana.

Mbinu ya kukuza grafini juu ya foili (karatasi nyembamba) ya shaba ilitangazwa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Foili ya mikrometa 25 hupashwa hadi nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, ikapitishiwa gesi za methani, yenye kaboni, na haidrojeni. Shaba huivunja methani. Kaboni, kwa kuwa haiyeyuki ndani ya shaba ila kidogo mno, hubaki juu na kujipanga tabaka moja. Uso ukishafunikwa, methani haiioni shaba tena na kazi husimama yenyewe.

Kazi ni kwenye mbegu. Kila kaboni inapoanzia huzaliwa fuwele yake. Methani ikizidi, mbegu huota kama upele. Mikwaruzo ya kiwandani, mafuta ya vidole, hata vumbi la silika linalodondoka kutoka bomba la kwatsi la tanuri, vyote huotesha. Ndiyo maana foili hung'arishwa kwa umeme ndani ya asidi ya fosforiki, na methani huzimuliwa kwa agoni, gesi isiyoungana na kitu, hadi sehemu chache katika elfu kumi.

Wengi huharibu wakati wa kupasha: humwaga haidrojeni mapema na kuondoa oksijeni yote. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba oksijeni kidogo juu ya shaba huziba sehemu za kuoteshea, fuwele ikafika sentimita. Basi pasha kwa agoni tupu, haidrojeni ije baadaye. Na msikaribie nyuzi 1085, shaba huyeyuka. Kipimajoto kikidanganya kidogo tu, foili hugandamana na bomba.

Njia nyingine ni kuifanya shaba yenyewe iwe fuwele moja, mbegu zote zielekee upande mmoja na kuungana bila mshono. Mwaka 2017 kundi la Chuo Kikuu cha Peking lilipata hivyo kipande cha sentimita 5 kwa 50, grafini ikikua kwa dakika 20.

Kuhesabu mbegu hakuhitaji mashine ya bei. Toa foili mapema, kabla haijafunikwa yote, iweke juu ya jiko la umeme la maabara, nyuzi 200, dakika chache. Shaba tupu huwa nyekundu ya kutu. Penye grafini hubaki kung'aa, fuwele zikaonekana kama pembesita. Ukisubiri foili ifunikwe yote, hutaona kitu.

Msomaji wenu,
Morogoro