Madhara ya dawa za viroboto na minyoo: tunaogopa kidonge, tunaiachia sindano

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie madhara ya dawa za kumkinga mbwa na kupe, viroboto na minyoo. Wapo wenye mbwa waliosikia kwamba vidonge vya viroboto vinaleta degedege, wakaviacha kabisa. Wapo pia wanaomchoma mbwa sindano ya ivamektini, dawa ya minyoo na kupe ya ng'ombe, bila kupepesa jicho. Mara nyingi ni watu hao hao.

Nianze na vidonge. Vinavyosemwa sana ni vya kundi la isoksazolini, yaani afoksolana, fluralana, sarolana na lotilana. Vinaua kupe na viroboto kwa kuvuruga mishipa yao ya fahamu. Mnamo Septemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya mbwa waliopewa dawa hizi walitetemeka misuli, wakayumba au wakapata degedege. Tahadhari hiyo ilisema pia kwamba dawa hizi ni salama kwa mbwa walio wengi, ila sehemu hiyo haikusambaa sana. Madhara yanayoonekana mara kwa mara ni mepesi: kutapika, kuhara, kukosa hamu ya kula na uchovu wa siku moja au mbili.

Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa, hata mara moja na zamani sana, daktari aambiwe kabla hajaandika dawa. Zipo za kundi jingine. Na kwa mbwa ambaye historia yake haijulikani, mimi huona ni busara kuanza na kidonge cha mwezi mmoja kuliko cha fluralana kinachofanya kazi wiki 12. Dawa ikishameng'enywa haitolewi, na mbwa ikimkataa itabidi mwili uimalize wenyewe, wiki baada ya wiki.

Sasa tuje kwenye sindano. Ivamektini ya kumkinga mbwa na minyoo ya moyo hutolewa mara moja kwa mwezi, mikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mikrogramu 60. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita. Kwa hiyo dozi ya mbwa huyo ingekuwa mililita 0.006, wakati mstari mdogo kabisa kwenye bomba la mililita 1 ni 0.01. Haipimiki. Mtu akivuta "nusu mililita tu" amempa mikrogramu 5,000, zaidi ya mara 80 ya kinga. Ni kweli madaktari hutumia dozi kubwa kutibu ukurutu, lakini huipandisha kidogo kidogo, wanamfuatilia mbwa, na wanajua ni mbwa wa aina gani.

Aina ya mbwa ni jambo zito hapa. Collie, Australian Shepherd, Shetland Sheepdog na machotara wao wengi wamerithi hitilafu, iliyogunduliwa mwaka 2001, kwenye jeni iitwayo MDR1. Kwa mbwa wa kawaida jeni hiyo hutengeneza pampu inayorudisha dawa nje kabla haijazama kwenye ubongo. Kwa hawa pampu haifanyi kazi, na mikrogramu 100 hivi kwa kilo zinatosha kuwalewesha. Dozi ya kinga ya mikrogramu 6 haiwadhuru. Kipimo cha jeni hiyo kipo, huchukuliwa kwa kijiti cha pamba ndani ya shavu. (Mbwa wa aina hizi wamewahi kudhurika hata kwa kula mavi ya farasi aliyetoka kunyweshwa dawa, kwa hiyo wafungiwe siku ya kunywesha mifugo.)

Dalili za sumu ya ivamektini ni mboni za macho kutanuka, udenda, kuyumba, kutoona, kutetemeka, kisha kupoteza fahamu. Huanza baada ya saa kadhaa na zinaweza kuendelea kwa siku nyingi. Haina dawa yake maalumu ya kuipinga. Mbwa huwekewa dripu, hulindwa joto la mwili, na akizidiwa husaidiwa kupumua hadi dawa iishe.

Hata dozi sahihi ina sharti lake. Mbwa aliyekomaa apimwe damu kwanza kama tayari ana minyoo ya moyo, kwa sababu mabuu yakiwa mengi kwenye damu na yakafa kwa mkupuo, mbwa anaweza kuishiwa nguvu na kuzimia. Lawama huiangukia dawa, kumbe ni maiti za mabuu. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto wa mbwa anayetapika minyoo baada ya kupewa dawa: tumbo lilikuwa limejaa kabla.

Dawa za kudondoshea shingoni huwasha ngozi au kunyonyoa manyoya pale zilipotua. Zenye pamethrini zisimguse paka kabisa, kwani mwili wake hauwezi kuivunja, na paka wengi hudhurika kwa kupakwa dawa ya mbwa au kulala naye ikiwa bado mbichi. Amitrazi ya kuogeshea hulegeza mbwa, hupunguza mapigo ya moyo na kupandisha sukari. Mbwa mwenye kisukari, mbwa wa aina ya Chihuahua na mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4 wasiogeshwe nayo.

Kabla ya dawa yoyote pima uzito. Panda mizani umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe. Usikisie, na usigawe kidonge cha mbwa mkubwa kwa wadogo wawili. Toa asubuhi, siku ambayo mtu yupo nyumbani, pamoja na chakula kama lebo inavyotaka. Usichanganye na chanjo au dawa nyingine mpya siku hiyo, maana likitokea jambo hutajua mkosaji ni yupi. Akitapika muda mfupi baadaye, usirudie dozi kabla ya kumuuliza daktari.

Mbwa akianza kuwashwa vibaya na dawa ya shingoni, mwoshe kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huharakisha dawa kupenya. Akishikwa na degedege, ondoa vitu vilivyo karibu, usitie mkono mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5, au ikirudi ndani ya saa 24, ni dharura. Maziwa hayatoi sumu, na kumtapisha mbwa anayeyumba kunaweza kumpalia. Nenda na pakiti yenyewe, kwani daktari anahitaji jina la kiini, nguvu yake na namba ya toleo, na namba hiyo hiyo ndiyo mtengenezaji na mamlaka ya dawa watakayoiuliza ukitoa taarifa.

Wako,
Daktari wa mifugo