Msiishie kwenye moshi wa Challenger

Ndugu Mhariri,

Kila Januari kisa cha Challenger, chombo cha anga cha Marekani, hurudi magazetini, na kila mara huishia palepale: sekunde 73 baada ya kuruka chombo kimesambaratika, wanaanga 7 wamekufa. Mimi ni fundi mstaafu wa ndege. Oringi, zile pete za mpira za kuziba maungio, nimezibadilisha mpaka vidole vikaota sugu, kwa hiyo kisa hiki nakisoma kwa jicho la karakana, na naona anasahaulika mzee mmoja, Bob Ebeling.

Alikuwa mhandisi wa Morton Thiokol huko Utah, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo kile. Maungio ya roketi hizo yalizibwa kwa oringi, na mpira ukipigwa na baridi hukakamaa, hauwahi kuziba upenyo. Oktoba 1985 Ebeling aliandika waraka ulioanza kwa neno moja, "Msaada!", akilalamika kwamba kikosi cha kushughulikia oringi kinacheleweshwa kwa kila njia. Aliyewahi kujaza kitabu cha kasoro za ndege anajua kwamba mhandisi hafikii neno hilo kwa papara. Januari 27, 1986, aliposikia utabiri wa baridi ya Florida, ambako chombo kingeruka kesho yake, alimpigia simu bosi wake kutoa tahadhari. Jioni ile, katika mkutano wa simu na NASA, shirika la anga la Marekani, wahandisi wakataka safari iahirishwe, wakubwa wao wakakataa. Usiku ule alimwambia mkewe kwamba chombo kitalipuka.

Aliacha kazi muda mfupi baadaye. Magazeti nayo humwacha hapo.

Karibu na kwake ipo hifadhi ya ndege wahamao ya Bear River, pale mto huo unapoingia Ziwa Kuu la Chumvi. Mwaka 1983 ziwa lilifurika, maji ya chumvi yakabomoa matuta ya kuzuia maji na kuangamiza mimea iliyolisha bata. Ebeling alijitolea miaka mingi kuifufua, matuta na milango ya maji ikajengwa upya. Mwaka 1990 Rais George H. W. Bush alimpa tuzo ya uhifadhi yenye jina la Theodore Roosevelt.

Wapo watakaosema alikuwa akijitakasa. Sikubaliani nao. Tuta na oringi ni kazi ileile: kuzuia kisipite kile kisichotakiwa kupita, na kukagua kabla hakijapita. Tofauti ni kwamba kwenye matuta hapakuwa na mkubwa wa kumwambia anyamaze.

Hatia haikumtoka, hilo ni kweli. Januari 2016 aliiambia redio ya NPR kwamba bado anajilaumu. Wasikilizaji kwa mamia wakamwandikia barua za kumfariji. Hata ofisa wa zamani wa NASA, aliyekuwa upande wa pili wa mkutano ule wa simu, alimwambia hakuwa na kosa. Mzee akasema akili yake imepata utulivu. Machi mwaka huohuo akafariki, akiwa na miaka 89.

Januari ijayo mkichapa tena picha ya ule moshi, naomba pembeni yake muweke na ya mabwawa ya Bear River yakiwa na bata.

Fundi mstaafu,
Mwanza