Anayekwenda mapumzikoni na mbwa aanze na uzio

Mhariri,

Msimu wa likizo ukikaribia, kurasa za matangazo hujaa nyumba za kupangisha mashambani, na siku hizi nyingi huongeza kwamba mbwa anaruhusiwa. Ni jambo jema, ila tangazo huishia hapo. Msomaji anaoneshwa vitanda, meko na vilima vya mbali, wala haambiwi kama kiwanja kina uzio, mbwa atalala wapi, na jirani anafuga nini. Naomba nafasi nitaje yale ambayo mpangaji anapaswa kuyauliza kabla hajatoa hata amana, na ambayo mwenye nyumba angeweza kuyaandika mwenyewe kwa mistari michache.

Ukiuliza kama kuna uzio, utajibiwa ndiyo. Uzio wa namna fulani haukosekani. Uliza hivi: je, umezunguka kiwanja chote bila kukatika? Pale ulipo mfupi zaidi una urefu gani? Chini ya geti kuna mwanya wa sentimita ngapi? Kisha omba picha tatu: geti likiwa limefungwa, ipigwe kutoka usawa wa goti, kona ya nyuma ya kiwanja, na pale uzio unapovuka mtaro wa maji. Penye mtaro ndipo mbwa wengi hupenya, kwa sababu mvua hula udongo chini ya wavu, na mwenye nyumba asiyefuga mbwa hana sababu ya kuinama kutazama. Akijibu "usijali" bila kutuma picha, jali.

Kwa mbwa mdogo asiye na tabia ya kuruka, mita 1.2 hutosha. Kwa mbwa mkubwa mwepesi wa miguu, tafuta mita 1.8. Lakini urefu hupimwa kutoka pale mbwa anapoweza kusimama, si kutoka ardhini tu. Rundo la kuni, benchi au tangi fupi la maji likiegemezwa kwenye uzio wa mita 1.8 linaugeuza kuwa wa mita moja. Fito zilizolazwa upande wa ndani ni ngazi tayari. Ua wa miti nao hudanganya: juu umefunga kijani kibichi, chini ni mashina matupu yenye nafasi ya kupita mbwa bila kuchafuka mgongo. Kanuni ya mwanya ni rahisi: kichwa kikipita, mwili utapita. Kwa mbwa mdogo au mtoto wa mbwa, usikubali zaidi ya sentimita 5. Kwa mbwa mchimbaji, uliza kama wavu umefukiwa walau sentimita 30, au kama kuna wavu mwingine uliolazwa juu ya ardhi upande wa ndani, maana mbwa huanza kuchimba pale pale uzio unapogusa udongo. Mawe makubwa ya kuazima kwa mwenye nyumba yanaweza kuziba mashimo mawili matatu, mradi uruhusiwe.

Uliza pia kama malisho ya jirani yana uzio wa umeme. Mbwa akiugusa kwa pua atapigwa mshtuko, na kwa kawaida hakimbilii kwa bwana wake. Hukimbia kokote mbele yake.

Hata uzio ukiwa mzuri, siku ya kwanza mbwa asiachiwe. Mzungushe kiwanja kizima akiwa kwenye kamba ndefu, ya mita 5 hadi 10, nawe ukikagua chini ya wavu. Mbwa aliyetoroka kwao anajua pa kurudi. Aliyetoroka ugenini saa moja baada ya kushuka garini hajui hata nyumba ina harufu gani. Kidani cha shingoni kiwe na namba ya simu inayopatikana huko mnakokwenda. Namba ya simu ya mezani iliyobaki nyumbani haina msaada. Kama mbwa amewekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, hakikisha namba yake yenye tarakimu 15 imesajiliwa kwa anwani na simu zako za sasa. Chipu yenye simu ya mwenye mbwa wa zamani ni kazi bure.

Ndani ya nyumba, cha kwanza ni sakafu. Vigae vinavyong'aa na mbao zilizopakwa vanishi hupendeza kwenye picha, lakini mbwa mzee au mwenye nyonga mbovu huteleza, hutawanya miguu, na kufikia siku ya pili hataki kusimama. Kama sakafu ni ya namna hiyo, beba mikeka miwili yenye mpira chini, mmoja penye bakuli la maji, mwingine penye malazi yake. Ngazi zisizo na migongo, zile ambazo mtu akipanda huona chini kati ya kidato na kidato, mbwa wengi hugoma kuzipanda, na mbwa wa kilo 35 si wa kubebwa mara nne kwa siku. Basi chumba chenu kiwe chini. Vitasa vya kubonyeza kwenda chini, mbwa mrefu huvifungua kwa mguu wa mbele. Vya duara hawezi.

Jambo ambalo halisemwi kabisa ni kupe na viroboto. Nyumba inayopokea mbwa wa kila mtu ndiyo hasa yenye hatari hiyo. Kupe wa kahawia wa mbwa, tofauti na kupe wengine wengi, anaweza kuzaliwa, kukua na kutaga ndani ya nyumba bila kutoka nje hata mara moja. Jike akishiba damu hushuka, hupanda ukutani, hujificha kwenye nyufa, nyuma ya fremu za milango na chini ya magodoro, akataga maelfu ya mayai. Anaweza kukaa miezi bila chakula. Kiroboto naye, akiwa buu ndani ya kifuko chake, hulala kwenye zulia hata miezi kadhaa nyumba ikiwa tupu. Joto, pumzi na mtikisiko wa nyayo ndivyo vinavyomwamsha. Ndiyo maana wageni wa kwanza baada ya nyumba kufungwa muda mrefu hushambuliwa kuliko wote, na mwenye nyumba huapa kwa dhati kwamba hapakuwa na kitu. Muulize nyumba ilipuliziwa dawa lini, kwa dawa gani, na mazulia husafishwa kwa mashine ya kufyonza vumbi au kwa ufagio tu. Mkifika, kabla mbwa hajaingia, vaa soksi nyeupe na utembee juu ya kila zulia taratibu. Viroboto wakiwapo, utawaona kwenye vifundo vya miguu.

Mbwa apewe kinga kabla ya safari. Dawa ya matone ya mgongoni inahitaji siku moja hadi mbili kusambaa, na asiogeshwe siku hizo. Kama mnasafiri na paka pia, chungeni: dawa za mbwa zenye pamethrini huua paka. Huko shambani mkague mbwa kila jioni ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, na chini ya mkanda wa shingoni, mahali ambapo watu wengi husahau. Kupe ashikwe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Kumchoma moto au kumpaka mafuta huweza kumfanya atapike ndani ya jeraha, na vijidudu vya ugonjwa vikaingia.

Sumu ya panya haifai kuulizwa kwa aibu. Nyumba za mashambani zina panya, na wanaozitunza huweka sumu stoo, darini, nyuma ya jokofu na kwenye banda la kuni, kisha husahau. Sumu iliyo ya kawaida zaidi huzuia damu kuganda. Mbwa akiila leo anacheza vizuri. Dalili hujitokeza baada ya siku 3 hadi 5, ufizi ukiwa mweupe, akihema, akikohoa au akitoka damu puani, na likizo pengine imekwisha. Tiba yake ni vitamini K1, hutolewa kwa wiki kadhaa, na huokoa ikianza mapema. Lakini zipo sumu za panya za aina nyingine ambazo vitamini K1 haizigusi, kwa hiyo pakiti ndiyo shahidi mkuu: ichukuliwe kwenda nayo kwa daktari wa mifugo. Usimlazimishe mbwa kutapika kwa chumvi. Chumvi yenyewe huua. Vidonge vya kuulia konokono bustanini ni vibaya zaidi kwa kasi yake: vile vyenye metaldehaidi humtetemesha mbwa ndani ya saa chache. Mtaka usalama aombe kwa maandishi kwamba sumu zote ziondolewe kabla hajafika, kisha azunguke mwenyewe na tochi. Akague na jivu la mahali pa kuchomea nyama pia, maana mifupa ya wageni waliopita iko humo.

Halafu majirani wenye miguu minne. Mbwa mpole wa mjini asiyewahi kuona kondoo hajulikani atafanya nini mpaka amwone akikimbia. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa tu, bila hata kuumwa, anaweza kutupa mimba, na katika nchi kadhaa sheria inamruhusu mfugaji, kwa masharti, kumpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo. Uliza malisho yako umbali gani, na kama njia ya matembezi inapita katikati ya mifugo. Ng'ombe mwenye ndama ni hatari kuliko anavyoonekana. Akikujia mbio, achia kamba. Anayemtaka ni mbwa, na mbwa ana mbio kumshinda. Ukimng'ang'ania, mtakanyagwa wote. Kuku wanaozurura uani nao watajwe mapema, maana kesi ya kuku mmoja huharibu ujirani wa wiki nzima.

Kwenye maji, bwawa la kuogelea likiwa na kuta wima bila ngazi, mbwa huzama kwa uchovu akizunguka kutafuta pa kutokea. Mwoneshe ngazi siku ya kwanza, akiwa kambani. Bwawa la shambani lililotulia, lenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji, asiliguse wala asilambe manyoya aliyoloweka humo. Vijidudu vya utando huo vinaweza kutoa sumu inayoua kwa saa chache, na haina dawa ya kuipinga. Bebeni maji yake ya siku mbili za kwanza: mbwa hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 anahitaji lita 1 hadi 1.2, zaidi kukiwa na joto.

Daktari wa mifugo aliye karibu apimwe kwa dakika za barabarani, si kwa kilomita, na uulize kama barabara hupitika mvua ikinyesha. Namba yake iandikwe kwenye karatasi, maana mtandao wa simu vijijini hukatika. Cheti cha chanjo kiende na mbwa. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa huhesabiwa kuwa imekamata baada ya siku 21, kwa hiyo mtoto wa mbwa aliyechanjwa akiwa na wiki 12 asubiri walau mpaka wiki 15.

Mwisho ni masharti. "Mbwa mdogo" ni kilo ngapi? Je, ada ni kwa kila mbwa, kwa usiku au kwa safari nzima? Analala ndani, barazani au bandani? Mbwa aliyezoea kulala ndani akifungiwa bandani ugenini atabweka mpaka alfajiri. Anaweza kuachwa peke yake? Wenye nyumba wengi hukataa, na wana haki: mlango uliokwaruzwa huanzia hapo. Hata pale inaporuhusiwa, toka kwa dakika tano, simama nje ya dirisha usikilize, kabla hujathubutu kwenda kula mbali. Malazi yake yaende bila kufuliwa, yakiwa na harufu ya kwao. Piga picha milango, viti na mazulia mnapoingia, na mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, ili mikwaruzo ya wageni waliopita isikatwe kwenye amana yenu.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni kwamba dawati lako la matangazo liwatake wanaopangisha waandike hata maneno haya machache: "Uzio wa wavu mita 1.5 kuzunguka kiwanja chote, mwanya chini ya geti sentimita 4. Mbwa wawili, uzito wowote, hulala ndani, hawaachwi peke yao. Sakafu ya vigae, vyumba viwili chini. Jirani anafuga kondoo. Hakuna sumu ya panya. Daktari wa mifugo dakika 25, barabara ya lami."

Msomaji wako