Tusiiache baridi ya Julai ipite bure

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo wengine huenda wakaliona dogo, lakini ambalo kwangu lina uzito, nalo ni namna tunavyoipitisha likizo kubwa ya shule hapa Lubumbashi, hasa wiki zake za kwanza ambazo huangukia katikati ya baridi. Shule hufungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na katika muda huo wote maneno ninayoyasikia kwa majirani, kanisani na sokoni ni yaleyale: watoto wamekaa bure, hakuna pesa ya kuwapeleka popote, afadhali masomo yangeanza mapema. Mimi naamini kwamba miezi hii si mitupu hata kidogo, na kwamba yule asiye na nauli ya kwenda miji jirani ya Likasi wala Kolwezi anayo mengi ya kumfurahisha hapahapa, mradi akubali kutulia na kuyatazama.

Kila mwaka, ifikapo Desemba, mvua zikiwa zimekolea na maembe yakiwa yamejaa sokoni, tunasimamisha misonobari ya plastiki sebuleni na kuibandika pamba ili ifanane na mti ulioangukiwa na theluji. Tunafanya hivyo kwa sababu picha za Noeli zilizotufikia zilichorwa Ulaya, ambako Desemba ndiyo mwanzo wa majira ya baridi. Sina ugomvi na desturi hiyo, maana watoto wanaipenda, na furaha ya mtoto ni kitu cha kuheshimiwa. Hata hivyo, baridi yetu sisi, ile inayotufanya tuyatoe makoti sandukuni na kuwavika wadogo soksi wakati wa kulala, huja Juni na Julai, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, nayo hupita bila wimbo, bila pambo, bila hata kusemwa kwa neno jema. Watu wa nchi za kaskazini wamejifunza kwa karne nyingi kuishi kwa furaha ndani ya baridi yao, wakiwasha mishumaa, wakioka mikate, wakikaa karibu na moto na kusoma. Sisi tumejaliwa baridi ambayo inakuja pamoja na mapumziko ya watoto, na bado hatujaipa heshima yake.

Jiji letu liko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei mvua hukatika, mawingu huondoka, na ardhi iliyopata joto la jua mchana kutwa hulipoteza joto hilo usiku, kwa sababu hakuna wingu la kulizuia. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea na shati jepesi saa nane mchana, na alfajiri inayofuata kipimajoto kikashuka chini ya nyuzi 10. Anga hilohilo linalotuletea baridi ndilo linalotupa zawadi ya kwanza ninayotaka kuitaja, yaani nyota. Katika miezi ya mvua hatuzioni sawasawa, lakini katika Julai, hasa umeme unapokatika mtaani (nami najua vema usumbufu wake kwa mwenye kazi ya kushona au mwenye friji ya kuuzia), mbingu ya Lubumbashi huwa na utajiri ambao watu wa miji mikubwa yenye taa nyingi hulipa pesa ili wasafiri kwenda kuuona.

Mzazi amtoe mtoto nje saa mbili usiku, amvike vizuri, amgeuze uso kusini. Ataona Msalaba wa Kusini, nyota nne angavu, ukianza kuegemea upande wa magharibi. Akiinua macho upande wa mashariki ataona kundi la nyota liitwalo Nge, mwenye mkia uliojikunja kabisa, na katikati ya mwili wake ile nyota nyekundu iitwayo Antares, na kadiri usiku unavyokwenda Nge huyo hupanda mpaka karibu na utosi, akiwa amezungukwa na ule mkanda mweupe wa nyota zisizohesabika unaokatiza mbingu. Mwenye nguvu ya kuamka kabla ya mapambazuko atakuta upande wa mashariki, kuelekea kaskazini kidogo, Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wakulima wa zamani walilitazama ili wajue majira ya kulima. Mtoto aliyeonyeshwa mambo haya na baba yake au shangazi yake hatayasahau, na jambo hili halihitaji kitabu wala ada, linahitaji tu mtu mzima aliye tayari kusimama uani kwa robo saa.

Baada ya nyota huja moto. Katika lupango zetu nyingi, yaani nyua za nyumba, mbabula, lile jiko la mkaa, hukaa nje mpaka bukari (ugali) ya jioni iive, na makala, yaani mkaa, yaliyobaki huachwa yafe yenyewe. Naomba joto hilo lisipotee bure. Viazi vitamu vikifukiwa kwenye majivu ya moto huiva polepole na kupata utamu ambao sufuria haiwezi kuutoa, na karanga za mavuno ya mwaka huu zikikaangwa bado zina harufu yake nzuri. Penye jirani anayepika kikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, kipande kidogo kwa kila mtoto kinatosha kuwakusanya wote, na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kikizunguka, hapo tayari ni karamu. Nasisitiza neno moja la tahadhari, kwa kuwa kila msimu wa baridi tunasikia misiba: mbabula isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata kama makala yanaonekana yamekwisha moshi, kwa maana hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi, na humchukua mtu usingizini. Moto wa furaha hii ni wa uani, au wa barazani penye hewa ya kutosha, na watu wanapokwenda kulala wauzime kwa maji.

Kando ya mbabula ndipo zilipo hadithi. Nimefundisha shule ya msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaweza kushuhudia kwamba watoto wetu hawajapoteza hamu ya kutegewa vitendawili. Kilichopungua ni watu wa kuwategea. Anzeni na vile vya zamani, «Nyumba yangu haina mlango» na vingine mnavyovijua, kisha waacheni watunge vyao kwa vitu wanavyoviona. Mtoto mmoja wa jirani, akiwa ameutazama moto kwa muda mrefu, alitutegea hivi: «Naingia mweusi, nafanya kazi nikiwa mwekundu, natoka mweupe.» Wakubwa walihangaika kabla ya kufahamu kwamba alikuwa akisema juu ya kaa la moto lenyewe lililokuwa mbele yao. Sijui ni somo gani la kulipiwa katika likizo ambalo lingempa mtoto yule furaha ya namna ile.

Hamu ya kutazama kilicho karibu, Bwana Mhariri, imewahi kuupa mji huu heshima duniani. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Hakuwataka vijana waliomjia waige picha za Ulaya. Aliwaacha wachore walichokijua wenyewe, kila mmoja kwa mkono wake. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka kwa uangalifu ambao ni wa mtu aliyekaa kimya muda mrefu kando ya maji. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupimifupi ya rangi, mmoja kando ya mwingine, mpaka watu na wanyama wakatokea humo. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole vyake. Kazi zao zimefika katika makumbusho ya nchi za mbali, na chanzo chake kilikuwa majani, mito na viumbe ambavyo kila mtu wa Katanga alivipita kila siku. Ninapoulizwa na wazazi watoto wafanye nini katika likizo, huwaambia: wapeni kalamu ya risasi na karatasi zilizoandikwa upande mmoja, muwaambie wachore kitu kimoja tu, kichuguu kilicho mwisho wa barabara au mti ulioangusha majani, na muwaache wakae nacho asubuhi nzima. Na mwenye uwezo wa kufika katikati ya jiji awapeleke Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, wakaione ile misalaba ya shaba ambayo babu zetu waliitumia kama fedha kabla ya mgodi wowote wa kampuni kufunguliwa.

Asubuhi za Julai zina uzuri wake pia, ingawa ni wachache wanaoukubali, kwa kuwa ni vigumu kutoka chini ya blanketi. Kando ya vijito vya pembezoni mwa jiji, huu ndio wakati ambapo bustani za mboga zimeshika kasi, kwa maana magonjwa ya mvua yamepungua na maji hutiwa kwa mkono. Kabichi, vitunguu na lengalenga (mchicha) vimepangwa kwa matuta yaliyonyooka, ukungu ukiwa bado unafukuta juu ya maji, na akina mama wakimwagilia kabla ya kubeba mafungu yao kwenda masoko ya hapa jijini, la mtaa wa Kenya au la Mzee Kabila. Mpeleke mtoto akanunue mboga hukohuko bustanini, asalimie kwa adabu, aulize tuta hilo lilipandwa lini. Atarudi na mboga na maarifa kwa bei ya mboga peke yake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaosifia mapumziko hulisahau. Mama wa sokoni hana likizo, wala dereva wa basi, wala kijana anayesukuma mkokoteni, na baridi kwao ni mzigo juu ya mzigo. Kumwambia mtu kama huyo apumzike bila kumpunguzia kazi ni kumtania. Kwa hiyo furaha ninazozitetea ni zile zinazoweza kuingia katika siku yake jinsi ilivyo: robo saa ya nyota, kiazi kilichofukiwa majivuni wakati anahesabu mauzo, kitendawili cha mtoto. Akiwa na simu yenye nyimbo za zamani, amsikilize mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Ni gitaa moja na sauti moja tu, tena la kupigwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, lakini humtuliza mtu aliyechoka kuliko kelele nyingi za vipaza sauti vya mitaani, ambavyo katika likizo hii vingestahili kupunguzwa baada ya saa tatu usiku ili wazee na wagonjwa walale.

Kilele cha baridi yetu, kwa maoni yangu, kingekuwa tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi. Asubuhi tunakwenda makaburini, tunang'oa majani makavu, tunafagia, tunakumbuka. Mchana tunawasherehekea wazazi walio hai. Nchi nyingi hazina siku kama hii, inayoweka wafu na walio hai katika siku moja, na mara nyingi sisi tunaimalizia katika vinywaji. Napendekeza kwamba kila familia, jioni ya siku hiyo, imteue mtoto mmoja anayejua kuandika vizuri, aketi karibu na babu, bibi au mzazi, naye aandike jinsi mzee huyo alivyofika Lubumbashi: alitoka kijiji gani, alikuja kwa treni au kwa miguu, alipokewa na nani, alilala wapi usiku wa kwanza. Mji huu umejengwa na watu waliotoka pande zote, Kasai, Luapula, Tanganyika na kwingine, na wengi wao wanatutoka bila historia yao kuandikwa hata kwenye daftari la shule.

Ombi langu kwa gazeti lenu linafuata hapo. Tengeni nusu ya ukurasa, tangu wiki ya kwanza ya Julai hadi shule zifunguliwe, kwa ajili ya vitendawili vilivyotungwa na watoto, michoro yao ya vitu vya mtaani, na baada ya tarehe 1 Agosti, masimulizi hayo ya wazee. Msitoe zawadi ya pesa, maana pesa italeta udanganyifu wa wakubwa kuwaandikia wadogo. Jina la kwanza la mtoto, umri wake na mtaa wake vinatosha. Mimi na walimu wenzangu waliostaafu hapa Katuba tuko tayari kupokea karatasi za watoto wasioweza kufika ofisini kwenu, kuzisoma, na kuwaletea kila Jumatatu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi