Barua kwa wazazi na majirani wa vijana wetu wapiga fidla

Ndugu zangu wazazi, walezi na majirani wa Korogocho na mitaa jirani,

Nawasalimu kwa heshima. Tangu mwaka 2008, mradi wa muziki wa Ghetto Classics ulipoanza kuwafundisha watoto hapa kwetu Nairobi, kuona mtoto amebeba fidla njiani si ajabu tena. Sasa baadhi ya vijana wetu wanajiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya wakiwa makundi ya watu wanne wanne: fidla mbili, viola, ambayo ni kama fidla iliyo kubwa kidogo, na chelo, iliyo kubwa kuliko zote. Naona tunawaunga mkono kwa moyo mwema lakini kwa njia isiyowafaa, kwa kuwa kila nyumba inamsaidia mwanawe, na kundi lenyewe halina mwenyewe.

Kwaya ya watu 60 ikikosa waimbaji wawili, wasikilizaji wengi hawatatambua. Kundi la wanne halina nafasi hiyo. Tangu enzi za Joseph Haydn, mtunzi wa muziki wa Austria aliyetunga kazi zaidi ya 60 za makundi ya aina hii katika karne ya 18, kila ala hupewa sauti yake isiyopigwa na mwingine, wala hakuna anayesimama mbele kuwaongoza kwa mkono. Vijana huanza pamoja kwa kutazamana na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, jambo ambalo haliwezekani kujifunza watatu mmoja akiwa nyumbani. Kwa hiyo mnapomzuia binti anayepiga viola asiende mazoezini kwa sababu kuna nguo za kufua, mmewazuia wote wanne. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wanaozuiwa mara nyingi ni mabinti, huku kaka zao wakiachwa waende. Kazi za nyumbani ni za lazima, lakini katika majuma haya zigawanywe upya, na dharura ikitokea, mwalimu na wazazi wale wengine waarifiwe mapema.

Nashauri pia mchango uwe mmoja. Chelo haipandi matatu bila kulipiwa kiti, na si haki mzazi wa mpiga chelo aibebe gharama hiyo peke yake eti kwa kuwa mwanawe alikabidhiwa ala kubwa. Nyuzi za akiba zinunuliwe sasa, kwa maana uzi mpya huendelea kulegea kwa siku kadhaa na kuipotosha sauti, hivyo ule unaofungwa asubuhi ya mashindano unaweza kuwaharibia wote. Tena kumbukeni kwamba tamasha hili, lililoanza mwaka 1927, hupanda ngazi hadi taifa, na kundi linalofanya vizuri ndilo linalozidi kuhitaji nauli, chakula na malazi. Desturi yetu ni kutoa vyote kwa shangwe mwanzoni, kisha vijana wakishinda tunaanza kukwepana. Nusu ya mchango iwekwe kwa ajili ya ngazi za mbele.

Ukumbini, fikeni mapema na mzime simu. Msipige makofi kati ya sehemu moja na nyingine ya kazi ileile, wala msiite jina la mtoto wenu. Fidla ya kwanza ndiyo mara nyingi hubeba wimbo na kwa hiyo hupata sifa. Nawaomba mkamtafute yule wa fidla ya pili na yule wa viola, mwaulize walichokuwa wakikisikiliza kwa wenzao, na mtaelewa ni kazi kubwa kiasi gani wanayoifanya.

Waamuzi wakitoa maoni yao, tuwaache vijana wayasikie. Mzazi anayesema "tumeonewa" mbele ya watoto huwanyima somo ambalo wamelisafiria. Mwalimu akae nao baadaye wayapitie maoni hayo wote wanne, neno kwa neno. Na wasipopita, fedha zilizobaki zisirudishwe majumbani: zinunue nyuzi, na mazoezi yaendelee Jumamosi inayofuata.

Wenu,
Mzee wa mtaa