Maneno ya wiki hii: kushtuka na kushangaa

Habari za jioni wapendwa. Wiki hii tunashughulikia maneno ya mshtuko, Kiingereza na Kislovenia. Naomba tuyatenganishe vizuri, maana Jumapili tuliyachanganya.

"Startle" ni kumshtua mtu: mlango umebamizwa, mwili umeruka kabla akili haijajua kuna nini. Huyo aliyeruka, Kislovenia kinasema "zdrzniti se". "Frighten" ni kumtisha mtu, yaani "prestrašiti". Ukiongeza "se", hofu inakuwa yako mwenyewe: "prestrašiti se", kuingiwa na hofu ghafla. Sasa ondoa "pre-", libaki "strašiti": kutisha kunakoendelea, si kwa mara moja. Hapa ndipo napapenda sana. Nyumba ikiwa na mizuka, Waslovenia husema "v hiši straši", na neno lao "strah" ni hofu, lakini pia ni mzuka wenyewe!

"Surprise" ni "presenetiti". Si lazima pawe na hofu, hata zawadi inatosha. "Astonish" ni "osupniti", kule kupigwa na butwaa kwetu. Hilo la Kiingereza asili yake ni neno la Kilatini la ngurumo ya radi, kwa hiyo mkilikumbuka radi hamtalisahau.

Š tamkeni sh, č tamkeni ch.

Kila mmoja atume sentensi mbili kwa sauti kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Mliojiunga juzi msione haya kukosea, nitawasahihisha faragha.