Barua kwa Mwanangu Hakimu

Binti yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Wete sote wazima. Karafuu zinachumwa, majamvi yametandazwa mpaka barazani, na mama yako anakulalamikia kimya chako.

Siku ile ulipoapishwa ulinambia kwa simu kwamba unataka ufike Mahakama ya Rufani kama marehemu Jaji Augustino Ramadhani. Nilifurahi, maana yule ni mtoto wa Unguja, wa mwaka 1945. Alikuwa mwanasheria jeshini, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar tangu 1980 hadi 1989, akaingia Rufani, na mwaka 2007 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Alipostaafu 2010 hakutulia: aliiongoza Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, akawa kasisi wa Kianglikana pia. Allah alimpa umri akautumia.

Lakini kuna jambo ambalo mimi, niliyefanya kazi ya ukarani mahakamani, nalijua, na vyeo havilionyeshi. Jaji wa Rufani hamuoni shahidi. Wanakaa watatu na majalada mbele yao, na yule mtu aliyesimama kizimbani akitweta hawakumsikia. Wanachokijua ni kile alichokiandika hakimu wa chini. Hakimu huyo sasa ni wewe.

Sijapata kukuhadithia haya. Ilikuwa kesi ya mpaka wa shamba la mikarafuu, baina ya ndugu wawili waliokuwa hawaamkiani tena. Rufaa imekatwa, nami nimepewa mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyosemwa mahakamani, niuchape. Mwandiko wa hakimu ulikuwa wa haraka, umelaliana kama nyasi baada ya mvua. Nilichapa usiku, taa ya chemli, nikamaliza, nikafunga nakala kwa uzi zingoje boti ya asubuhi. Alfajiri moyo ukanikataa. Nikamwomba mwenzangu asome ule wa mkono kwa sauti, mimi nifuate kwa kidole. Tukafika kwa shahidi wa nne, mzee mmoja mpanda minazi. Mwenzangu akasoma: "Sikumwona akilihamisha jiwe." Kidole changu kilikuwa juu ya "Nilimwona."

Tulikata uzi, nikachapa ukurasa ule upya, mikono ikinitetemeka. Yule mzee alisema kweli yake mbele ya watu, na mimi karibu nimfanye muongo, na mtu apokonywe shamba la babake.

Ndiyo maana nakusihi: andika pole pole. Shahidi akienda mbio, mwambie, "Mzee wangu, ngoja nikufikie." Andika maneno yake alivyoyasema, si vile unavyodhani alikusudia. Na sababu za hukumu yako ziandike zote, hata zile unazoziona wazi, kwani huko juu wanaweza kukusahihisha sheria. Mwaka 2000, katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, Rufani iliamua kwamba uhaini hautendwi dhidi ya Serikali ya Zanzibar, na hoja nzima ya mashtaka ikaanguka. Sheria ina wa kuitazama tena. Neno la shahidi likipotea mezani kwako, hakuna wa kulirudisha.

Nimekupelekea madaftari sita na kalamu za wino mweusi, pamoja na mfuko wa mbatata kutoka kwa mama yako. Kamuulize nahodha wa boti ya Alkhamisi.

Babako.